Mchezo wa Miami Usiomo Kitabuni

Tucson, Arizona
15 Septemba 1991

Mdogo wangu Jadzia,

Nakusalimu kutoka kwenye jua lisilojua kupumzika. Mimi mzima, isipokuwa masikio, ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu siku hizi nasikia vitunguu vikikaangwa tu. Binti yangu Denise anakusalimu. Kila Jumamosi anakuja kutoka Phoenix, anafungua friji yangu na kunusa kitu kimoja kimoja. Huko Hamtramck mnaendeleaje? Paa la kanisa limekwisha, au Padri bado anapitisha kikapu? Na hawa Simba wetu wa Detroit wana nini na mpira wao wa Kimarekani? Mchezo wa kwanza wa msimu wanatandikwa 45 kwa sifuri na Washington! Nilizima televisheni nikaenda kumwagilia kaktasi, na kaktasi haitaki maji.

Sasa sikiliza. Mwezi wa saba nilisahau sufuria jikoni, ikaungua, moshi ukaingia kwa jirani. Mara moja tu, Jadzia. Denise akanipeleka kwa daktari wa wazee. Akaniuliza huu mwaka gani, rais nani, nihesabu kurudi nyuma kutoka mia. Nikafanya yote. Mwishoni akasema, nisimulie jambo lolote la zamani unalolikumbuka vizuri. Nikamsimulia nilivyokwenda Miami Januari 1961, msimu umeshakwisha, nikawaona Simba wakiwafunga Cleveland 17 kwa 16.

Kumbe daktari ni mpenzi wa mpira. Safari ya pili akanifungulia kitabu cha rekodi za ligi. Humo imeandikwa kwamba tangu ubingwa wa Desemba 1957, Simba hawajashinda mchezo hata mmoja wa mtoano. Hata mmoja! Akaandika kwenye faili langu, na mimi naona: "Anasimulia matukio ambayo hayakutokea."

Narudi kwake tarehe 20 Januari. Akiandika tena hivyo, Denise atauza nyumba hii na kunipeleka kwenye makao ya wazee, mahali ambapo watu wanalishwa uji saa kumi na moja jioni na kuambiwa wakalale. Nakuomba umwandikie mtoto. Mwambie nilikwenda Miami. Wewe unakumbuka nilisafiri.

Kaka yako,
Zygmunt


Hamtramck, Michigan
6 Oktoba 1991

Kaka Zyg,

Barua yako nimeipata, nikaisoma mara mbili kwa sababu ya mwandiko wako. Mimi sijambo, magoti tu. Paa limekwisha, ila sasa Padri amegundua kwamba madirisha nayo yanavuja, kwa hiyo kikapu kinaendelea. Kila Jumanne tunakusanyika chini ya kanisa kufinya pierogi, zile sambusa zetu za kuchemsha, tuziuze, wanawake kumi na mmoja, na mwanamume mmoja, mzee Lubinski, ambaye kazi yake ni kumenya viazi na kubishana.

Kuhusu jambo lako. Nilitaka nimwandikie Denise siku ileile. Lakini nikajisema, huyu mtoto ananiita shangazi, akiniuliza nina hakika gani nitamwambia nini? Nikaenda maktaba. Msichana wa pale alinitolea kitabu kinene, nikakaa nacho asubuhi nzima. Zyg, nimeusaka mchezo wako kama sindano. 1957, ubingwa, tuliwafunga Cleveland 59 kwa 14, huo naukumbuka hata mimi, ulilewa ukambusu postamasta. Baada ya hapo unaofuata ni wa 1970, tulifungwa na Dallas 5 kwa sifuri, sijui mpira gani unaishia tano kwa sifuri. Halafu Washington wakatufunga, halafu San Francisco wakatufunga kwa pointi moja. Basi. Mwaka 1961 hakuna kitu. Miami hakuna kitu.

Pengine ulikwenda mwaka mwingine? Pengine uliona mchezo wa timu nyingine? Ukweli ni kwamba sikumbuki vizuri Januari ile, unajua kwa nini, na sitaki kuingia huko. Denise aliponipigia niliona siwezi kumdanganya, nikamwambia nilichokiona kitabuni. Usinikasirikie.

Na huyo uliyekwenda naye ni nani? Maana hukwenda peke yako, wewe hata dukani hukuwa unakwenda peke yako. Kama yu hai, yeye ndiye wa kumwandikia Denise.

Dada yako,
Jadzia


Tucson
19 Oktoba 1991

Jadzia,

Natumaini magoti yanapata nafuu. Hapa hakuna jipya. Denise ameninunulia saa ya jikoni inayopiga kelele, nayo sikuisikia mpaka jirani alipogonga mlango.

Ahsante kwa msaada wako! Nimekutuma uzime moto, wewe umekwenda kumwaga petroli. Sasa mtoto anasema, "Baba, hata shangazi ameangalia." Ananiambia polepole, kwa sauti ile wanayowaambia watu wa hospitalini. Nimemlea yule. Nimemfundisha kuendesha gari.

Mimi nashindwa kuelewa. Nafunga macho naona kila kitu. Tuliegesha gari kwa mama mmoja Mkuba, alikuwa na mti wa machungwa uani, akatuambia tuchume tutakavyo. Januari, Jadzia, na mtu anachuma chungwa mtini! Jua lilinichoma masikio yakatoka malengelenge. Cleveland walikuwa na mpira, tukawa tumesimama juu ya mabenchi, na kipenga cha mwisho kilipolia ubao ulisomeka 17 kwa 16. Mtu anaota ubao? Halafu nafungua macho nakuta kitabu cha ligi, na daktari, na wewe, na Denise, wote mnasema hakukuwa na ubao wala mchezo. Jana nilikaa ukingoni mwa kitanda nikajiuliza kama hata huyo mama Mkuba nilimwona kwenye televisheni.

Niliyekwenda naye ni mtu wa kiwandani. Alikwisha kufa. Kiwandani kulikuwa na bahati nasibu, nikashinda tiketi mbili. Jina lake halisaidii kitu sasa.

Zygmunt


Hamtramck
24 Novemba 1991

Kaka Zygmunt,

Nimekawia kukujibu na sina kisingizio. Ugonjwa haukuwepo. Theluji ya kwanza imeanguka, majirani wapya wa upande wa kushoto, wale kutoka Yemen, wamenisafishia njia bila kuulizwa, nikawapelekea keki ya mbegu. Alhamisi ni Sikukuu ya Shukrani na Simba watacheza kama kawaida, na safari hii wanaweza wasituharibie chakula. Wanashinda, Zyg. Watu hapa wameanza kutembea vifua mbele.

Denise alinipigia tena. Akaniambia umemtajia jina la mtu uliyekwenda naye Miami. Mimi hukuniambia. Umemwambia ni Feliks.

Sijui nianzie wapi. Mume wangu Feliks wiki ile alikuwa Toledo. Kampuni ilimtuma kufunga mashine. Tarehe 6 Januari, Ijumaa, nikashikwa na uchungu, mwezi mzima kabla ya wakati, na Mama akanipeleka hospitali, na mtoto akazaliwa hajalia. Unajua haya yote. Nayaandika kwa sababu miaka thelathini hatujayasema, na pengine kichwa chako kimeyachanganya. Feliks hakuja kwa sababu barabara ya Toledo ilifungwa na theluji na simu zilikatika. Alifika Jumanne. Alipiga magoti pembeni ya kitanda changu na koti likiwa bado mwilini.

Kwa hiyo hakuwa Miami. Na kama hakuwa Miami, basi na safari yenyewe haikuwa vile unavyoikumbuka, na mchezo haupo. Kitabu kinasema haupo. Nakuomba ukubali hivyo, tuache.

Jadzia


Tucson
15 Desemba 1991

Mdogo wangu,

Heri ya Krismasi, wewe na wote wanaokutakia mema. Ahsante kwa opłatek. Kile kimkate kilifika kimevunjika vipande vinne, lakini Mama alisema kikivunjika njiani kimeshagawanywa tayari. Nitakula kipande changu mkesha wa Krismasi nikuwaze wewe ukila chako. Denise hajui desturi hii vizuri, aliniuliza kama ni dawa.

Barua yako nimeielewa. Uko sahihi. Feliks alikuwa Toledo. Nimefikiri sana na naona ni kweli nimechanganya mambo, machungwa ya safari nyingine, mchezo wa mwaka mwingine, na shemeji nimemtia tu kwa sababu namkumbuka. Mchezo haukuwepo. Sijui nikwambie vipi, lakini nilipoisoma barua yako niliweka miguu juu ya kiti nikalala usingizi ambao sijaulala siku nyingi.

Tarehe 20 Januari nitakwenda kwa daktari nitamwambia hivyohivyo, kwamba kichwa kimeanza kuniacha. Denise ameshaleta picha za makao. Kuna bustani. Usisikitike kwa ajili yangu.

Zygmunt


Hamtramck
7 Januari 1992

Kaka yangu Zygmunt,

Heri ya mwaka mpya. Nadhani hata wewe na masikio yako ulisikia kelele zetu juzi. Simba 38, Dallas 6! Pale Pontiac uwanja ulikuwa unatikisika, na hapa mtaani watu wazima walitoka nje na sufuria wakizipiga kwa miiko. Mzee Lubinski alilia mbele ya kila mtu. Wale Wayemeni walitoka kuuliza kama kuna vita.

Halafu jana asubuhi nikafungua gazeti. Kila ukurasa: ushindi wa kwanza wa mtoano tangu 1957. Redioni vilevile. Kwenye televisheni wakaionyesha hesabu hiyo nchi nzima. Nikakufikiria wewe huko, umekaa mbele ya televisheni, na Amerika yote inakwambia kichwa chako kimeoza. Sikuweza kumaliza kahawa.

Zyg, mimi ni mtu mbaya. Nilipokuandikia ile barua ya Novemba kwamba mchezo haupo, nilikuwa nimekwisha jua kwamba upo.

Ilikuwa Jumanne moja mapema Novemba, tunafinya pierogi, nikasema tu kwa utani kwamba kaka yangu anadai Simba walishinda Miami. Lubinski akaweka kisu chini. "Mara tatu!" akasema. "Wamama nyinyi mnajua nini? Sitini na moja, sitini na mbili, sitini na tatu. Mfululizo!" Akanieleza. Ligi ilikuwa ikiwachukua walioshika nafasi ya pili kila upande, inawapeleka Miami kugombea nafasi ya tatu. Walifanya hivyo miaka kumi. Baadaye wakuu wa ligi wakasema ile haikuwa mtoano, ilikuwa maonyesho tu, wakaitoa kwenye rekodi. Tunafungwa miaka yote hii, na ushindi tulioupata hauhesabiwi! Alipokishika kisu tena, Lubinski alikuwa na hasira na wakuu hao mpaka akajikata kidole.

Keshoye nikarudi maktaba, safari hii kwenye filamu za magazeti ya zamani. Gazeti la Jumapili, 8 Januari 1961, mchezo wa jana yake. Ulikuwepo. Detroit 17, Cleveland 16, Miami. Nikanakili ukurasa. Halafu nikaukunja nikautia kwenye mkoba, na umekaa humo wiki nane pamoja na rozari yangu.

Kwa nini? Kwa sababu kama ubao wako ni wa kweli, na machungwa ni ya kweli, basi na Feliks ni wa kweli. Hospitali ile hawakunionyesha mtoto, Zyg. Walinichoma sindano, nilipoamka nesi akasema mama haonyeshwi, ni vibaya kwake, baba ndiye huonyeshwa, na baba hayupo. Mama yetu naye aliogopa kumwangalia. Jumatatu asubuhi wakamzika. Hakuna mtu wa damu yake aliyeuona uso wake. Miaka thelathini nimekuwa nikiilaumu theluji. Theluji ni rahisi kuisamehe. Nilimzika Feliks nikiwa nimemsamehe, na wewe unanifukulia kaburi ili ubaki na nyumba yenye kaktasi! Hivyo ndivyo nilivyowaza, naandika bila kuficha. Nikaona afadhali wewe uwe mgonjwa wa akili kuliko mume wangu awe mwongo.

Lakini jana sikuweza tena. Wewe ni mzima na mimi ninakuacha uende ukafungiwe. Nimepeleka nakala kwa daktari wako na nyingine kwa Denise, kwa posta ya haraka, na barua ya kueleza. Yako nimeiweka humu. Soma mstari wa kwanza, idadi ya pointi, halafu soma tarehe.

Sasa nawe nifanyie jambo moja. Feliks alipokuwa amesimama juu ya benchi anashangilia, alikuwa anajua? Kama hakujua, alijua lini? Usinipambie. Nimeshalipa.

Dada yako,
Jadzia


Tucson
27 Januari 1992

Jadzia,

Nianze na ya heri. Daktari alinisubiri mlangoni. Ule ukurasa ameuweka chini ya kioo mezani kwake, anasema ameijua ligi hii tangu utoto na hakuwahi kusikia. Ameniomba radhi, akaandika upya kwenye faili kwamba kumbukumbu zangu ni nzima. Denise alilia kwenye gari, akasema nyumba haiuzwi, ila jiko la gesi linaondoka, napewa la umeme linalojizima lenyewe. Washington wametufunga 41 kwa 10, lakini huo umeona mwenyewe.

Swali lako. Nimeandika barua hii mara nne.

Feliks hakujua. Tulipoondoka, mtoto alikuwa wa Februari, na yeye hakutaka kuja, alisema Jadzia ataudhika. Mimi ndiye niliyemwambia aseme Toledo. Alikuwa mdhaifu kwangu, unamjua, nikisema twende alikuwa anakwenda.

Jumamosi asubuhi, siku ya mchezo, Mama alipiga simu hotelini. Alijua mimi niko Miami, Feliks alidhani yuko Toledo. Nilikuwa mapokezi peke yangu, Feliks alikuwa nje anafuta vioo vya gari. Mama akasema Jadzia amempoteza mtoto, msichana, na tunamtafuta Feliks Toledo hatumpati. Nikamwambia nitajaribu kumtafuta. Nilimwambia hivyo Mama, na Feliks namwona dirishani.

Nilisema moyoni, mtoto amekwisha kufa, harudi, masaa machache yatabadilisha nini? Aone mchezo kwanza. Naandika "aone", lakini ukweli ni mimi niliyetaka kuuona. Tukaenda. Tukachuma machungwa. Tukasimama juu ya benchi. Alinikumbatia, Jadzia, akasema hajawahi kuwa na siku nzuri kama ile. Baada ya hapo sikuweza kumwambia jioni ile. Nilimwambia Jumapili, baada ya misa, kwenye ngazi za kanisa. Aliendesha gari mpaka Michigan, hakuniachia usukani. Kama ningemwambia Jumamosi asubuhi, angewahi maziko ya Jumatatu. Angemwona. Angekwambia alifanana na nani.

Alikudanganya kuhusu theluji ili asinitaje mimi. Mwenye kosa siye uliyemzika.

Umeniuliza zamani kwa nini nilihamia jangwani. Nilisema ni kwa ajili ya mapafu. Na daktari yule aliponiambia nisimulie jambo la zamani, ndilo lililonitoka, kwa sababu ndilo lililoko juu siku zote, ila nilimkatia nusu yake. Alipofungua kitabu akaniambia mchezo ule haukuwahi kuchezwa, nilipigana naye kwa ajili ya nyumba. Halafu ikaja barua yako ya Novemba, na wewe unasema haupo, na Feliks alikuwa Toledo. Nikaanza kuamini. Kama hakukuwa na mchezo, hakukuwa na simu. Nilikuwa tayari kwenda kwenye makao yale na bustani yake na uji wa saa kumi na moja, niwe mzee aliyechanganyikiwa ambaye hakumfanyia dada yake kitu. Ndiyo maana nililala vizuri.

Sasa imeandikwa na kupigwa muhuri kwamba nakumbuka sawasawa. Nililifanya jambo lile, Jadzia.

Zygmunt